Safari ya Kuuzima Moto wa Lukanda

Jirani zangu, mmeniuliza mara nyingi kwa nini tangu nirudi jiko langu halitoi moshi. Ramadhani ameniuliza barazani, mkewe ameniuliza dirishani, hata mwadhini amesimama mlangoni akaniuliza kama naumwa. Mimi kusimulia kwa mdomo siwezi. Nikianza, hasira hunipanda nikaiacha habari katikati. Kuandika nilifundishwa ukubwani na karani mmoja wa bandarini, kwa kipande cha mkaa juu ya ubavu wa sanduku, basi mkiona herufi zimelala, zisimamisheni wenyewe. Ramadhani atawasomea.

Mama yangu, Nyamizi, mlimjua. Mlinisaidia kumzika kiangazi hiki. Mlijua pia kwamba hakuacha moto wake uzimike hata siku moja, na mlimcheka kwa hilo, na yeye alicheka nanyi. Hakuwaambia ulikuwa moto wa nani.

Kwetu ni Ulugomba, kaskazini ya Tabora, mbele ya Puge. Alikuwako mtemi anaitwa Lukanda. Alianza kama mpagazi tu, anabeba pembe za watu hadi pwani, kisha akarudi na bunduki na akili. Alipoishinda nchi hakuichoma. Alimwamuru mtemi wa pale azime moto wake, na mafiga yote ya nchi ile yazimwe, watu wakae baridi. Ndipo Lukanda mwenyewe alipokuja kwa miguu yake, kinga cha moto mkononi, akawawashia. Toka siku hiyo walikula chakula cha moto wake. Mama alikuwa akisema, "Moto hautumwi, hupelekwa." Mpaka wa nchi ulikuwa pale moto ulipofika, na ulifika mbali, kusini hata mto Ugala. Misafara yote ya pwani ilisimama langoni kwake kutoa hongo, ule ushuru wa njia.

Na desturi ni kwamba mtemi akifa, moto wake huzimwa, watu hulala baridi, kisha mtemi mpya hupekecha moto mpya. Mpaka moto uzimwe, mtemi hajafa. Mama ndiye alikuwa mtunza moto wa ikulu.

Watu husema ufalme ule ulivunjwa na Wadachi. Wadachi walikuja na mizinga, sikatai, lakini ukuta wetu ulisimama. Waliouvunja nawataja kwa majina. Wa kwanza ni Nasoro mfanyabiashara, aliyetuuzia baruti iliyochanganywa na unga wa mkaa, bunduki zetu zikawa zinakohoa kama wazee wa pumu. Wa pili ni Mwanangwa Kapugi, mkuu wa lango la mashariki, aliyelelewa na Lukanda tangu mtoto. Kapugi alipekecha moto wake mwenyewe na mtemi yu hai, akawapikia Wadachi juu yake, na alfajiri akaliondoa gogo la lango. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Nilimwona kwa macho yangu.

Lukanda alifia kwenye nyumba ya ngoma. Hakuna aliyemlilia, hakuna aliyezima moto. Mama alichota makaa katika chungu, mkono mmoja chungu, mkono mmoja mimi, tukafuata njia ya misafara mpaka huku Ujiji. Na siku ya kufa kwake aliniambia, "Maganga, nimechoka kumlinda yule mzee. Mrudishe kwake ukamzime."

Hiyo ndiyo safari mliyoniuliza.

Ujiji mpaka Uvinza

Nilitaka kwenda kwa gari moshi kama watu wote. Chungu nilikifunga kwa kamba za magome, ndani majivu, juu ya majivu makaa, juu ya makaa mavi ya ng'ombe makavu ili moto ule polepole. Stesheni ya Kigoma, mlinzi wa behewa akainama akanusa.

"Mzee, umebeba nini?"

"Moto."

"Moto upo, baba. Angalia kule mbele, kwenye injini. Unatutosha."

Abiria wakacheka. Nikamwambia huu si wa kutumia, ni wa kupeleka. Akasema upelekwe hewani, upelekwe mtoni, lakini katika behewa la watu hauingii. Kisha, kwa huruma, akaniambia, "Uzime tu, mzee. Tabora viberiti vimejaa." Nilitoka nje ya stesheni nikaishika njia ya miguu.

Njia yenyewe haipo tena. Nilipopita utotoni ilikuwa pana, imekanyagwa na watu kama sakafu ya ua, na huwezi kupumzika mahali usisikie kengele ya kirangozi anayeongoza msafara mwingine. Sasa nyasi zimeifunika. Reli imewachukua watu wote, na njia imebaki kwa nguruwe na mimi. Gari moshi lilikuwa linanipita upande wa kushoto, watu wananipungia mikono madirishani. Mwanzo niliwapungia. Baadaye niliacha.

Uvinza nilikaribishwa na mwanamke mmoja wa pale wanapochemsha chumvi. Alinipa ugali na dagaa, akanitazama nakula, akauliza, "Baba, unakwenda kwa nani?" Mkinielewa, hilo ni swali jepesi. Kila msafiri ana jibu lake. Mimi nilitafuna dagaa mpaka wakaisha.

Kivuko cha Malagarasi

Mtoni nilikwama. Mvushaji alikuwa mzee wa Kivinza, kiko kinywani, kiko chenyewe kimezimika. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba," akaona moshi unatoka katika chungu changu, uso ukang'aa.

"Mungu amekuleta! Nipe kaa niwashe."

"Siwezi, mzee. Huu haugawiwi."

"Haugawiwi?" Akautoa mtumbwi majini, akaufunika juu chini, akaukalia. "Basi na mto haugawiwi."

Tukakaa hivyo. Watu walikuja na mizigo yao, akainuka akawavusha, akarudi akakaa juu ya mtumbwi wake. Mimi nikabaki nachochea mavi ya ng'ombe. Siku ikapita, na ya pili ikaanza. Mwishowe nikamweleza yote, jinsi Lukanda alivyowasha nchi, na kwamba mtu yeyote anayeuchukua moto ule kwa mkono wake amekuwa mtu wa Lukanda.

Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sasa tatizo liko wapi? Nifanye mtu wake. Huyo mtemi wako anadai kodi?"

"Amekufa."

"Huyo ndiye mtemi ninayemtaka! Hawa walio hai wananiua. Lete!"

Nikachukua kaa kwa vidole, nikaliweka juu ya kiko chake kwa mkono wangu, na maneno ya kuwashia aliyonifundisha mama nikayasema, "Ule cha moto wa Lukanda." Akavuta, akafumba macho, akasema, "Wa Lukanda ni mtamu." Akanivusha bure. Miaka yote hii ufalme ulikuwa unaliwa na mchwa, na siku ile, katikati ya mto Malagarasi, ulipata mtu mmoja mpya. Nilicheka peke yangu ng'ambo mpaka nikaona haya. Ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka njiani.

Pori la Usinge

Ng'ambo ile hakuna watu. Serikali imewahamisha kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, imewakusanya mbali pahala pamoja. Vijiji vimebaki na miembe na mafiga. Nilikuwa naingia kijijini kwa mazoea, napiga hodi. Mnajua ilivyo vibaya kupiga hodi mahali mlango wenyewe umeoza? Mtu unasubiri. Unajua hakuna mtu, na bado unasubiri, kwa sababu ulilelewa vizuri.

Mimi vita niliijua. Wadachi na Waingereza walipopigana nilibebeshwa mizigo hadi kusini, na tulioondoka wengi hatukurudi wengi. Lakini hata kule tulikuwa tunakufa pamoja, mtu ana wa kumwambia kwamba ananyeshewa. Usinge sikuwa na mtu. Nikaanza kusema na chungu. Nilikiambia, "Umeona, kile kilikuwa kijiji cha watu wako. Kile nacho." Nilikitajia majina niliyoyakumbuka, na niliyoyasahau nilimlaumu Kapugi.

Kisha mvua ya kwanza ikaja kabla ya siku zake. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilikumbatia chungu, nikalala juu yake kifudifudi kama kuku, mvua inanipiga mgongoni na moto unaniunguza tumbo. Kovu mmeliona nikioga ziwani. Mvua ilipokatika nikafukua majivu kwa kijiti. Yote yalikuwa meusi isipokuwa kaa moja, dogo, jekundu kama jicho la panya. Nililipulizia mpaka nikaona kizunguzungu. Nikatembea toka pale bila kusimama isipokuwa kulilisha.

Tabora, Chemchem

Tabora niliingia mchana, miguu imevimba. Nikaelekezwa Chemchem kwa Bi Tausi, mjane wa Kizaramo anayelaza wageni. Nikapiga hodi.

"Karibu! Lo, Mnyamwezi na mzigo! Reli imejengwa, Wadachi wamekuja wamekwenda, nyinyi bado hamjatua?"

"Tungetua wapi, mtani, na nyinyi Wazaramo mmelala njia nzima?"

"Pita, pita, usije ukafia mlangoni kwangu nikapata kazi ya kukuosha."

Mnajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani toka enzi za misafara. Mtani anakutukana na humkasirikii. Ukifiwa, mtani ndiye anayeshika maiti ambayo ndugu wanaogopa kuishika. Nilikula wali wake, nikalala kama gogo.

Nilipoamka, chungu kilikuwa kinawaka vizuri. Makaa yamejaa, mekundu, mengi.

"Mtani, nani amekigusa chungu changu?"

"Mimi. Kilikuwa kinakufa. Nikakutilia makaa ya jiko langu."

"Na jiko lako uliliwasha na nini?"

"Na kibiriti, na nini tena? Na mkia wa mbwa?"

Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Nilimwambia ameua kile mama yangu alichokilinda maisha yake yote, kwamba sasa moto wa Lukanda umechanganyika na kibiriti cha dukani, na mimi siwezi kujua kaa gani ni gani. Akanisikiliza, mikono kiunoni. Nikamsimulia habari yote, mpaka maneno ya mama ya siku ya kufa kwake. Kisha akasema polepole, bila mzaha:

"Kwa hiyo umebeba maiti."

Sikuwahi kuifikiria hivyo. Nikasema ndiyo.

"Umebeba maiti ya mtemi wenu peke yako kutoka Ujiji, hakuna ndugu wa kukupokea. Na aliyeishika ni mimi, mtani. Sasa nimeharibu nini? Si kazi yangu hiyo?" Akainama akakipuliza chungu, majivu yakamrukia kichwani. "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nenda ukamzike, Mnyamwezi. Na ukirudi usinipigie kelele tena, utaniamshia wapangaji."

Nililia pale kwenye ua wa watu. Majirani wakaondoka kwa adabu, na wakaenda kuisimulia habari kisimani na sokoni. Chemchem siri haikai.

Ulugomba

Kwa sababu habari ilinitangulia, nilipopita Puge watu walikuwa wanajua. Walisimama kando ya mashamba wanaangalia chungu, hawaniangalii mimi. Hakuna aliyeniita kwa jina. Mwangaluka waliniambia, nikaitikia mwangaluka, nikapita.

Ikulu haipo. Ile minyaa iliyopandwa juu ya ukuta ndiyo iliyobaki, imekuwa mirefu, imeshika mstari wa boma kama meno. Ndani ni shamba la karanga. Mama mmoja mzee alikuwa anapanda, jembe mkononi, mbegu kwenye kibuyu. Nikamwuliza nyumba ya ngoma ilikuwa wapi. Akanielekeza kwa kidevu: penye kichuguu. "Pale sipandi," akasema.

Na chini ya kichuguu, juu ya kiti alichobebewa, alikuwa amekaa mtu wa umri wangu. Kanzu safi, kofia nyekundu, wanangwa wawili, wakuu wake wa vijiji, nyuma yake. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Uso wa Kapugi. Waingereza walipoanza kurudisha watemi waliuliza ni nani mkubwa hapa, akaonyeshwa huyu, Seleli, mtoto wa aliyefungua lango. Kapugi mwenyewe alishakufa kitandani, ameshiba. Hilo nalo nawaambia mlijue.

"Maganga," akaniita. "Tulichunga mbuzi pamoja."

"Nakumbuka mbuzi."

Hakukasirika. Aliwaashiria wanangwa wasogee mbali, akashuka kwenye kiti akachuchumaa nami chini. Kwa karibu alionekana mchovu.

"Sikiliza. Moto wa baba hakuna aliyeupokea. Watu walisema chakula chake kina ladha ya lango. Mimi wananilipa kodi kwa sababu ya bwana shauri wa Waingereza, basi. Mavuno ya kwanza hawaniletei. Wakigombana hawaji kwangu. Nikipita wanasimama, na nikishapita nasikia wanavyokaa." Akakitazama chungu. "Nipe huo. Nitaupeleka nyumba kwa nyumba kwa miguu yangu, kama yeye. Wewe nitakujengea hapa hapa, ndani ya minyaa. Utakuwa na watu, Maganga. Ujiji una nani?"

Jirani zangu, sitawaficha. Lile neno lilinichoma kuliko moto wa Usinge. Nilikuwa nimepita pori zima bila mtu wa kunijibu, na mtu wa kwanza kunijua kwa jina katika nchi yangu alikuwa mtoto wa Kapugi.

Nikamwambia, "Humu ndani mna makaa ya mwanamke wa Kizaramo wa Chemchem. Aliyawasha kwa kibiriti."

"Nani anajua?"

"Mimi. Na Chemchem nzima."

"Watu wanataka moto. Hawataki kuujua ukoo wake."

"Lukanda aliwazimishia watu moto wao, kisha akawawashia. Wewe unataka kuwasha juu ya maiti ambayo haijalala. Baba yako alifanya hivyo hivyo."

Hapo akasimama. Nilidhani ataniitia walinzi, maana wanangwa walikuwa wameshasogea. Akawainulia mkono wakae. Akasema tu, "Basi umzime. Nami nitatazama."

Nikapanda kichuguu. Nilikuwa na maji katika kibuyu, ya kisima cha Chemchem, mengine sikuwa nayo. Maneno ya mwisho mama hakunifundisha. Nikasema, "Mzee Lukanda, Nyamizi amechoka. Lala." Nikamimina.

Moto ule ulilia. Mvuke ulipanda ukanifunika uso, na nilipofungua macho chungu kilikuwa na tope jeusi tu. Miaka yote ile, na ulikwisha kabla kibuyu hakijaisha.

Yule mama wa karanga alikuwa ameweka jembe chini, amepiga magoti shambani, anapiga makofi polepole, mikono imeinama, kama anavyopigiwa mtemi aliyekufa. Alikuwa peke yake. Kisha makofi mengine yakaingia, mazito. Niligeuka. Ni Seleli, ameivua kofia.

Sijamsamehe baba yake. Lakini mlitaka nisimulie yaliyotokea, na hilo lilitokea.

"Njoo ule kwangu," akaniambia baadaye.

"Sili cha moto wako."

"Utakula nini mpaka Ujiji?"

"Kibichi."

Mama wa karanga akanitilia mbegu zake nguoni, viganja viwili. Nikaondoka nazo.

Kurudi

Nilirudi kwa gari moshi, kwa kuwa sasa hakuna wa kunikataza. Mlinzi wa behewa alikuwa yule yule. Akanitazama mikono.

"Mzee, leo huna moto?"

"Sina."

Akafungua mdomo kufanya mzaha, akaufunga. "Pole, baba," akasema, akanitafutia nafasi dirishani. Malagarasi tuliivuka juu ya daraja. Nilimtafuta mvushaji kwa macho nisimwone. Kiko chake kilishazimika siku ile ile, basi naye ameachwa huru.

Sasa mmejua kwa nini jiko ni baridi, na kwa nini nikiletewa chakula nakirudisha nikatafuna mihogo mibichi na ndizi. Kwetu mtemi akishazimwa, mtu hujikalia baridi mpaka aletewe moto mpya, hajiwashii. Wa kuniletea hayupo. Seleli niliukataa wake, na Lukanda nimemlaza kwa mkono wangu mwenyewe. Kibiriti ninacho, Ramadhani, kile ulichoniachia dirishani nimekiona. Sikukitumia.

Lakini mvua imeanza na mifupa yangu si ya kijana. Nimefikiri sana barazani hapa, nikitazama moshi wa nyumba zenu. Ramadhani, ukishawasomea watu haya, kesho mkeo akiwasha jiko, nikatie kinga kimoja. Usimtume mtoto. Njoo nacho mwenyewe, kwa miguu yako.